Audax na Kemilembe Hawakuadhibiwa

Protase alipokufa, ndugu zake walikaa uani kwetu Izigo baada ya matanga wakayaamua mambo yangu kana kwamba nimezikwa pamoja naye. Kibanja, shamba letu la migomba, ni cha ukoo, walisema, na mimi sikuwa na mtoto wa kiume. Nilikuwa nimezaa Evelyne tu, naye alitangulia kufa akiwa mdogo, akazikwa kwenye migomba, mahali ambapo baadaye tulimlaza na baba yake. Kibanja wakampa Byabato, mdogo wake Protase, pamoja na nyumba, mibuni na yale makaburi mawili.

Byabato hakunifukuza, na watu walimsifu kwa huruma yake. Mimi najua kwamba migomba ilihitaji mtu wa kuipalilia, na yeye jembe hakulipenda tangu utoto. Alinihamishia chumba cha nyuma tulichokuwa tunaweka kahawa. Kisha akabomoa ukuta uliotenganisha sebule yangu na chumba nilicholala na mume wangu, akapanga mabenchi, akafunga skrini kubwa, akaandika nje kwa rangi ya bluu: BYABATO VIDEO. Nilikuwa nikipita pale na ndoo ya maji, naona vijana wamekaa mahali kilipokuwa kitanda changu wanatafuna karanga.

Mwanzoni ukumbi ule haukuwa na watu. Filamu zilikuwa za Kizungu, na Izigo wanaojua Kizungu wamehamia mjini. Byabato alimaliza kidato cha nne, akajaribu kutafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti. Alisema maneno mawili, akanyamaza kwa muda mrefu, akasema mengine mawili, kama mtu anayetangaza ndoa kanisani asiyeyaona vizuri majina. Siku moja nilikuwa mlangoni nauza ndizi za kuchoma. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mwisho kabisa akaniuliza, "Waitu, ndugu yangu, huyu mwanamke analia nini?" Nikamwambia analia kwa sababu nyumba imechukuliwa na shemeji yake. Sikujua. Nilitazama uso wake tu nikaona ndiyo hiyo. Bibi akauliza tena, nikajibu tena. Hatimaye benchi lote la nyuma likawa limegeuka linanisikiliza mimi, na la mbele likawa linasema, "Ongeza sauti huko."

Byabato akanipa kipaza sauti.

Sijasoma. Kizungu sijui hata salamu. Byabato alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na siku ya kwanza kabisa nilimuuliza, "Mulamu, na nikisema uongo?" Huku kwetu mulamu ni shemeji, na hivyo ndivyo tulivyoitana. Akacheka. Akasema, "Mulamu, bora waje. Mzungu mwenyewe hayupo wa kukusahihisha." Kisha akaniambia mbele ya mke wake, "Ukiendelea kuniletea watu, kile chumba ni chako mpaka ufe, na hakuna atakayekuzuia kwenda kwa Protase na mtoto wako." Nililishika neno hilo. Sikuwa na kingine cha kushika.

Watu walikuja kweli. Walikuja kutoka vijiji vya jirani, na siku za gulio walikuja hata wa Muleba mjini. Filamu walizozipenda kupita zote zilikuwa nne, za watu ambao dunia yao imeungua moto, wakapanda chombo kikubwa wakazunguka kwenye nyota wakitafuta pengine pa kuishi. Jina lake la Kizungu sikuliweza. Sisi tuliziita Waliounguliwa. Nahodha wa chombo alikuwa mrefu mwenye mabega, nikamwita Audax. Aliyekuwa anakiendesha chombo alikuwa mwanamke mwenye kovu shavuni, nikamwita Kemilembe. Watoto wa Izigo walicheza Audax na Kemilembe njiani wakirudi kutoka shule.

Sasa nieleze jambo lililoniharibia. Katika filamu ya kwanza, wale wasafiri wanafika kwenye dunia ya watu wenye ngozi ya kijani, wanakaribishwa chakula. Linaletwa bakuli limejaa wadudu wenye miguu mirefu, wanafanana na senene kabisa. Wageni wote wanakula. Audax analisukuma bakuli. Kemilembe naye analisukuma. Wanatazamana. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, maana mtu gani anakataa senene? Nikaona lazima niwape sababu, na sababu mtu yeyote wa kwetu anaijua. Nikasema, "Hawa wawili ni wa ukoo mmoja. Muziro wao ni senene. Hawali, hata wafe njaa."

Watu waliitikia kama kanisani. Wapo watu kwetu ambao senene ni mwiko kwao, hawaokoti, hawakaangi, na walikuwamo mle ukumbini. Mzee Lameki, ambaye ni wa ukoo huo, alisimama akapunga kofia kuwasalimu Audax na Kemilembe. Kuanzia siku hiyo wakawa kaka na dada. Na watu wa muziro mmoja hawaoani, hilo halihitaji kufundishwa. Katika filamu zote nne hawakushikana hata mkono. Walitazamana tu, kwa muda mrefu, hasa chombo kilipokuwa hatarini, nami nilisema, "Anamkumbuka mama yao, huyu dada anafanana na mama." Wanawake walifuta machozi. Nilikuwa mtu pale. Nikipita sokoni waliniamkia kwa heshima, mimi ambaye ukoo ulinitupa stoo.

Filamu ya nne ilipoisha, watu walidai nyingine. Byabato alikwenda Bukoba kwenye duka analochukulia filamu, akarudi anatabasamu. Alisema wenye filamu zile wameona zinapendwa, wametoa tamthilia za televisheni kutokana nazo. Moja ni ya ile mashine yenye jicho moja iliyokuwa inafagia chombo. Nyingine ni ya dunia ilivyokuwa kabla ya moto. Na kubwa kuliko zote ni ya Audax na Kemilembe wenyewe, vipande na vipande, msimu juu ya msimu.

"Mulamu," alisema, "hii itatulisha mpaka tuzeeke."

"Umeitazama?"

"Niitazame ya nini? Kazi ya kutazama ni yako."

Lakini hakuniruhusu kuitazama kabla ya watu. Umeme unakwisha, alisema. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi siku zote: mimi niliona walichoona wao, wakati ule ule, na mdomo wangu ulikimbizana na picha.

Jumapili baada ya misa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Muziki ukapigwa, majina yakapita. Picha ya kwanza ikawa asubuhi, chumba chenye mwanga, kitanda. Audax amelala. Pembeni yake, kichwa chake juu ya kifua cha Audax, amelala Kemilembe.

Ukumbi wote ulinigeukia.

Nikasema, "Huyu si Kemilembe. Huyu ni mke wa Audax, amefanana naye."

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Penina, anauza dagaa, mdomo wake unajulikana mpaka ziwani. Akasema kutoka kwenye benchi la mbele, "Mama Evelyne, na kovu wamefanana?"

Watu wakacheka kidogo. Nikasema, "Ni Kemilembe, ndiyo. Alikuwa mgonjwa, kaka yake alikuwa anamwangalia."

"Kaka anamwangalia akiwa hana shati?"

Wakacheka zaidi. Ndipo mtoto mdogo wa kike akaingia mbio, akaruka kitandani katikati yao, na Audax akambusu Kemilembe mdomoni. Hakuna aliyecheka tena. Mzee Lameki alichukua fimbo yake akainuka, na alipofika mlangoni akasema kwa Kihaya, taratibu, kwamba yeye amekuja kuangalia ndugu zake, hakuja kuangalia uchafu. Watu wa ukoo wake wakamfuata.

Ningesema nini? Ningesema kwamba zile filamu nne nilizitunga mimi, kwamba hakuna ukoo wala muziro? Nilimtafuta Byabato kwa macho. Alikuwa kwenye swichi, akakwepesha uso. Nikashika kipaza sauti, nikasema, "Wamevunja mwiko. Mnaona wenyewe. Lakini jambo la namna hii haliachwi. Kaeni mwone kitakachowapata."

Walikaa. Hata Mzee Lameki alirudi kesho yake, akaketi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Wote walikuja kungojea adhabu. Sijawahi kuona ukumbi umejaa namna ile, na Byabato alinunua mabenchi mengine. Kila jioni nilisema inakaribia. Chombo kikitikisika, nilisema, "Hiyo hapo." Mtoto akikohoa, nilisema, "Sikieni kikohozi hicho."

Lakini Audax na Kemilembe walistawi. Nisingeweza kuamini kama nisingeona. Walipata dunia mpya yenye mito na majani. Walijenga nyumba yenye madirisha makubwa. Kemilembe akabeba mimba ya pili, akajifungua bila hata kupiga kelele, mtoto wa kiume. Maadui walikuja wakashindwa. Mvua ilinyesha kwa wakati wake. Niliwatazama wale watu wawili wakicheka mezani kwao, nikamtazama Byabato amekaa kwenye kiti alichokuwa anakalia kaka yake, mwenye afya, tumbo limemtoka, watoto wake watano wako shule.

Penina ndiye aliyeanza. "Mama Evelyne, bado tu hawajafa?"

"Bado kidogo."

"Basi waambie wafanye haraka, mimi mahindi yangu yamekomaa, nataka kwenda kuvuna."

Watu walianza kupungua. Byabato aliacha kuniita mulamu, akaanza kuniita "wewe mama". Siku moja alisimama mlangoni kwangu akasema, "Wanataka mwisho. Wape mwisho, au nitafute mtu mwingine."

Nikapanda basi kwenda Bukoba. Lile duka la filamu liko Miembeni, la familia ya Wahindi waliobaki. Zamani alikuwa mzee Umedbhai akiuza vitambaa, sasa yuko mke wa mwanawe, Nayna, anauza simu na kuingiza filamu kwenye flashi. Amezaliwa Bukoba hapa hapa. Aliniamkia kwa Kihaya kizuri kuliko cha wapwa zangu waliosomea Dar es Salaam, akanipa kiti. Nikamwambia nataka kujua hawa wawili wanaadhibiwa kipande cha ngapi.

"Wanaadhibiwa kwa kosa gani, mama?"

"Wameoana, na ni ndugu."

Akanitazama kuona kama natania. "Nani kasema ni ndugu?"

Nikageukia simu zilizopangwa kwenye kabati.

"Hawa walikutana kwenye chombo. Kila mmoja kwao kwingine kabisa," alisema. "Tangu filamu ya kwanza wanapendana, ila hawasemi. Ndiyo maana watu walitaka tamthilia, wawaone wakiwa pamoja."

"Na wale wadudu waliwakataa kwa nini?"

Alifikiri. "Wadudu? Nadhani walikuwa na sumu, wawili wao tu ndio walioambiwa. Sikumbuki vizuri."

Nikamuuliza, "Sasa mwisho wake? Wewe umeona mwisho?"

"Nimeona yote, mimi na mwanangu Sahil. Mwisho wanazeeka. Wamekaa barazani na wajukuu, jua linazama, basi."

"Hakuna kinachowapata?"

"Mama," alisema kwa upole, "ni watu wazuri. Kiwapate nini?"

Alinieleza jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Filamu ikipendwa, wenyewe wanamchukua mtu mmoja mmoja aliyekuwamo wanamtengenezea tamthilia yake, na hiyo nayo inatoa nyingine, kama mgomba unavyotoa machipukizi baada ya kukatwa mkungu. Hawauachi ukauke. Nilipoinuka akasema, bila nia mbaya, "Kama kutafsiri kunakusumbua, ipo iliyotafsiriwa tayari. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, anajua sana. Shemeji yako aliiulizia wiki iliyopita."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na maneno hayo tumboni. Wiki iliyopita. Alipokuja mlangoni kwangu kudai mwisho, alikuwa ameshaulizia.

Nilijua sasa kwamba picha hazitanisaidia. Jioni ile nikaamua kuwaadhibu kwa mdomo wangu. Kulikuwa na kipande ambacho Kemilembe anakaa peke yake mtoni anatazama maji. Nikasema mtoto wa kiume amekufa. Nikasema kwa sauti niliyomlilia nayo Evelyne, sikuhitaji kuitafuta. Nikataja homa, nikataja usiku wa kumbeba mgongoni kwenda zahanati na kukuta imefungwa, nikataja jinsi mtoto anavyokuwa mzito akishakata roho. Kemilembe alichezea maji kwa vidole. Wanawake walilia. Mzee Lameki aliinamisha kichwa juu ya fimbo yake akasema, "Basi. Imetosha." Nilidhani nimepona.

Kesho yake picha ya kwanza ilikuwa yule mtoto wa kiume mezani, anakula, mdomo umejaa.

Penina hakusubiri. "Mama Evelyne, huyu anayekula si ndiye tuliyemzika jana?"

Ukumbi ulipasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kijana mmoja akasema, "Mleteeni maiti maji ya kushushia." Mwingine akasema matanga yavunjwe, tumekaa matanga ya mtu mzima wa afya. Nilisema ni mzimu, ni ndoto ya mama yake, nilisema sijui nini, hawakunisikia. Hata wale wanawake waliolia walicheka, na wao walicheka kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimewaliza bure. Mzee Lameki peke yake hakucheka. Alikuja mpaka nilipokaa akaniuliza kwa sauti ndogo, "Binti yangu, wale ni watu wa ukoo wetu, au si wao?"

Nilimtazama Byabato. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Angeweza kusema, ni mimi niliyemwambia aseme chochote. Neno moja tu. Akainua mikono kutuliza watu, akasema, "Ndugu zangu, hata mimi nimedanganywa. Miaka yote nilidhani shemeji anajua anachokisema. Nawaomba radhi. Kuanzia kesho mtasikia tafsiri ya kweli."

Wakampigia makofi.

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mulamu, uliniambia mzungu hayupo wa kunisahihisha."

"Sikumbuki."

"Mkeo alikuwepo."

Mke wake alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. Byabato akasema, "Unataka nini? Watu wanakucheka mpaka barabarani. Unaniaibisha mimi, unaliaibisha jina la Protase. Chumba nakihitaji, nataka kuweka meza ya pool. Tulipatana ukae kwa sababu ya kazi. Kazi imekwisha."

"Na makaburi yangu?"

"Makaburi ni ya ukoo. Yatatunzwa."

Nilikwenda kwa wazee wale wale waliokaa uani baada ya matanga. Walinisikiliza. Mmoja alisema Byabato amenivumilia sana. Mwingine, ambaye alikuwa anakuja kutazama kila wiki na kukaa mbele, aliniuliza kama ni kweli mtoto hakufa. Nikaenda Muleba kwenye ofisi ya ardhi, wakaniambia mambo ya kibanja cha ukoo nianze na ukoo. Nilikuwa nimeshaanza nao. Nikarudi, nikakuta godoro langu nje, limekunjwa vizuri na kufungwa kamba. Nadhani mkewe ndiye aliyelifunga, alikuwa na aibu kidogo.

Sasa naishi Miembeni, chumba kimoja na mama anayeuza chapati, na nafua nguo za watu. Hakuna anayejua kwamba niliwahi kushika kipaza sauti. Tamthilia zinaendelea, nasikia kwa majirani zangu. Yule mtoto wa kiume niliyemuua amekua, ametengenezewa yake peke yake. Yule kijana wa Dar es Salaam anatafsiri. Ana sauti nzuri, hana haja ya kubahatisha.

Siku ya Marehemu Wote nilipanda basi asubuhi, nikashuka Izigo na mishumaa miwili. Kibanja kimezungushiwa seng'enge mpya na geti la bati. Nilibisha. Akatoka msichana nisiyemjua, akaniuliza nimekuja kwa nani. Nikamwambia, kwa mume wangu na mwanangu. Akaingia ndani kuuliza, akarudi akasema baba amekwenda Bukoba, hajaacha maagizo. Nikamwomba anipitishe pembeni tu, kwenye migomba. Akasema amekatazwa kufungua.

Nilikaa barabarani mpaka basi la jioni. Kutoka pale makaburi hayaonekani, migomba imeyafunika, na palikuwa na magugu ambayo hakuna aliyeyang'oa tangu niondoke. Mishumaa nilirudi nayo. Umeme ulipokatika wiki iliyofuata, mama wa chapati akaiwasha.